Tupeane uzoefu: kulala kwenye nyumba za kale za Lamu zilizogeuzwa gesti

Chokaa Mbichi (mwenye mada)

Salaam wakuu. Likizo ikikaribia maswali ni yale yale: Mjini (mji wa kale wa Lamu) au kijiji cha Shela, mbele baharini au ndani ya mitaa. Majina ya gesti tuyaache, wenyewe hubadilika na bei hazikai. Tuambizane namna ya kuijua nyumba kabla ya kutuma pesa, na namna ya kukaa ndani yake ukishafika. Mwenye kujua aseme kwa vipimo, "pazuri mno" haimsaidii mtu.

Naanza na ramani ya nyumba. Kutoka mtaani unapita daka, lile lenye baraza za mawe kulia na kushoto, halafu tekani (kipito cha ndani ya mlango), halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini (ukumbi mrefu wa kwanza), msana wa yuu (wa pili, nyuma yake), kisha ndani, chumba cha mwisho. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Kwa hiyo tangazo likisema "chumba kikubwa", jua ni kirefu, si kipana. Kitanda cha futi sita kikiwekwa kwa kukingama, kinachobaki ni njia ya mtu mmoja.

Mtego wenyewe ni huu: misana ya asili haikuwa na milango, ilitengwa kwa mapazia. Baadhi ya nyumba zimetia milango, nyingine zimeacha hivyo hivyo na bado zinaita kila msana chumba. Uliza moja kwa moja: "Kuna mlango wa kufunga au pazia?" Omba na picha iliyopigwa ukiwa ndani unatazama nje. Tena kiwanda hupandisha sauti kama kisima. Mazungumzo ya chini saa sita usiku yanasikika ghorofa ya pili neno kwa neno.

Nahodha wa Jeti

Niongezee habari ya kufika. Ndege inatua kisiwa cha Manda, basi la kutoka Mombasa linakomea Mokowe. Kote kuwili unamalizia kwa boti, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba akutumie mtu na mkubaliane nauli kabla hujaweka mguu botini. Taja kama ni boti ya abiria wote au yako peke yako, hapo ndipo ugomvi huanza. Wa basi wawe na kitambulisho mkononi, njiani kuna ukaguzi.

Sasa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne na saa tano. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Hili si jambo la wavuvi tu. Nyumba ya Shela yenye ngazi za kushukia baharini ni raha maji yakijaa. Yakipwa, boti inasimama mbali, unavua viatu na mzigo unaenda kichwani. Ngazi za chini zina mwani, kanyaga katikati ya jiwe, si ukingoni.

Mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu kwa mguu, dakika 40 hivi. Jioni ya bamvua usipange kurudi kwa njia ya pwani, maji hufika ukutani. Ama utoke kabla ya saa tisa ama uchukue boti.

Sanduku la magurudumu liache nyumbani. Mitaa ina vidato na mitaro, gurudumu halimalizi wiki. Begi la mgongoni au la kitambaa ndilo punda na hamali wanalolipenda. Ukisikia mtu nyuma anapiga kelele kuomba njia, jibanze ukutani upande mmoja, wote pamoja. Mkigawanyika huku na huku punda anapita katikati yenu na matofali yake.

Upepo wa Yuu

Kuhusu mbele au ndani, watu wanachanganya mambo mawili. Nyumba nyingi za mbele baharini pale Mjini si za kale kuliko za ndani. Ukingo ule ulijazwa baadaye, zamani ufuo ulikuwa karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kwa hiyo anayetaka zidaka (vishubaka vya ukutani), kuta za nakshi na kiwanda cha asili atafute mtaa wa Mkomani. Anayetaka veranda na bahari akae mbele, lakini ajue mashini za boti huanza kabla jua halijatoka.

Mimi nasema chumba cha juu siku zote. Cha chini kina giza, unyevu na mbu. Kaskazi (Desemba hadi Machi) na kusi (Aprili hadi Septemba hivi) zote zinapita juu ya paa, chini hazifiki. Makuti hayashiki joto kama bati. Ila masika, hasa Mei, makuti yaliyochoka huvuja, na nyumba nyingi za Shela hufunga kwa ukarabati. Uliza makuti yalibadilishwa lini. Na usivute sigara wala kuwasha mshumaa pale juu, tafadhali.

Wenye wazazi wazee: ngazi za nyumba hizi ni za mawe, kila kidato kirefu, hazina pa kushika. Kwao ni ghorofa ya kwanza, mwisho.

Kisimani

Nyie hamjagusa maji ya kuoga. Maji ya visima vingi Mjini yana chumvichumvi, sabuni ya mche haitoi povu, chukua ya maji. Ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemshwa. Nyumba ikiwa na tangi juu ya paa, stima ikipotea unaendelea kuoga kwa saa kadhaa. Ikitegemea pampu peke yake, mfereji unakauka hapo hapo. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya swali la pangaboi.

Ukikuta birika la kale chooni, yaani tangi la maji la kujengwa, chungulia chini. Mara nyingi kuna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni pamezamishwa bakuli la kaure. Bakuli si pambo. Birika likimwagwa maji lisafishwe, samaki hubaki mle na kimaji kidogo mpaka lijazwe tena. Kwa hiyo maji huchotwa kwa kata, unajimwagia pembeni. Usitie mkono wenye sabuni wala usiingie ndani. Samaki wakifa, wiki mbili baadaye nyumba nzima inaumwa na mbu na hakuna anayejua sababu.

Karatasi ya chooni iende kwenye ndoo. Mabomba yametiwa baadaye, ni membamba.

Chokaa Mbichi

Kisimani umesema kweli kuhusu bakuli, wageni huling'oa wakidhani ni takataka.

Niongeze kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene unakaribia nusu mita. Ndiyo maana mchana ndani kuna baridi, na ndiyo maana Wi-Fi haipiti. Mwenye kazi ya mtandaoni akae kiwandani au juu, chumbani asitarajie. Ukuta wa bahari hunyonya chumvi na kupumua kupitia chokaa. Fundi akipaka saruji, unyevu unafungwa ndani na lipu inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo ukiona unga mweupe miguuni mwa ukuta, nyumba si chafu. Vuta kitanda na begi shubiri moja kutoka ukutani, nguo nyeusi usiziegemeze. Misumari marufuku, na kidaka si cha kuwekea taulo bichi.

Mama Kaimati

Chakula. Kuna nyumba ya kukodi vyumba na kuna ya kukodi yote pamoja na mpishi na msimamizi. Ya pili, uliza kama mshahara wa mpishi umo kwenye bei, na kama fedha ya soko unatoa wewe. Kawaida ni wewe, na unatoa asubuhi mapema. Ukiagiza samaki saa sita utakula kilichobaki. Kilo moja ya samaki mzima inawatosha watu wawili, kichwa na mifupa vimo. Wali wa nazi wa kilo moja ya mchele ni nazi mbili kubwa: tui jepesi la kupikia kwanza, kasimile (tui zito) mwisho wali ukikaribia kukauka. Ukitia zito mwanzoni, chini panashika na juu pabichi. Kusi kikivuma sana boti haziendi mbali, samaki ni ghali, msimlaumu mpishi.

Ramadhani migahawa mingi hufunga mchana, panga na nyumba siku mbili mbele. Wiki za Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, vyumba hujaa Mjini kote. Wekeni nafasi miezi kabla.

Mgeni wa Voi

Asanteni. Je, malipo ya awali? Wanataka nusu.

Nahodha wa Jeti

Nusu si ajabu. Andikiana naye kwa ujumbe mambo manne: tarehe, chumba kipi (mtumie picha ile ile aliyokutumia), nani analipa boti, na ndege ikiahirishwa pesa inasogezwa au inapotea. Mengine mtamalizana barazani.

Upepo wa Yuu

Na muulize la pazia.