E46 325Ci imenizamishia pedeli ya breki Kitonga, nianze na breki au shokapu?

Kijana_wa_Goba:

Wakuu habari za jioni. Nina BMW E46 325Ci, ile ya milango miwili, ya 2003, injini M54 ya 2.5, gia otomatiki, iliingia nchini ikitokea Uingereza na mimi ni mmiliki wa pili hapa Bongo. Injini haina shida hata kidogo, na gari yenyewe naipenda kweli, nilianza kuiota nikiwa kidato cha pili. Shida ni miguu (shokapu, bushi na ami za chini) na breki.

Wiki mbili zimepita nilikuwa natoka Iringa narudi Dar, mimi na mke wangu na mizigo kidogo. Kushuka Kitonga nikakwama nyuma ya semi limebeba mbao, linatambaa, na kona zile kulipita huwezi, kwaiyo muda wote mguu uko kwenye breki, nakanyaga naachia, nakanyaga naachia. Tunakaribia kumaliza mlima pedeli ikaanza kuwa laini, afu ikazama mpaka karibu na kapeti, nikapampu mara tatu ndo gari ikashika. Nilitoka jasho mpaka viganjani, mke wangu alinyamaza mpaka tunafika chini. Tulisimama Ruaha Mbuyuni pale kwa wauza vitunguu, mbele kunanuka kuungua na rimu haishikiki. Tukakaa kama dakika 40 hivi, kuingia kwenye gari pedeli imerudi juu kama hakuna kilichotokea.

Kuna mengine mawili. Nikifunga breki nikiwa kwenye 90 usukani unatetemeka, na nikipita matuta nyuma kulia inagonga koh, koh.

Bajeti yangu milioni 2 na laki 5. Kuna jamaa anauza kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) kubwa za pistoni sita za mtumba pamoja na koilova (shokapu na springi zake pamoja, unarekebisha urefu), anasema nikifunga vyote gari itashuka chini na itatulia barabarani. Rimu zangu ni 17. Nianze na nini wakuu?

MzeeWaKona:

Mkuu pole sana. Mimi ningeenda na koilova, gari ikikaa chini kona unakata bila kulala upande na muonekano unabadilika kabisa. Breki badilisha pedi tu kwanza.

Fundi_Miguu:

Kijana poleni na safari, mshukuruni Mungu mmefika. Nimeshika spana zaidi ya miaka 20 na E46 nimezifungua nyingi, naomba usome hii taratibu kabla hujampa mtu hela.

Breki zikizidiwa na moto zinaachia kwa namna mbili na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza, pedeli inabaki juu, ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote lakini gari haishiki, hapo pedi ndo zimeshindwa na joto. Ya pili, pedeli inazama kama umekanyaga sponji, hapo mafuta ya breki yamechemka kwenye kalipa yakatoa mvuke, na mafuta hayabonyei ila mvuke unabonyea, kwaiyo mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni. Yako ni hiyo ya pili, na ndo maana yalipopoa pedeli ikarudi yenyewe.

Sasa mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Dar unaijua ilivyo. DOT 4 mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 230 bila kuchemka, ila ikishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Diski ya mbele kwenye mteremko kama ule kufika huko ni kazi ndogo. BMW wenyewe wanasema mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari haitembei. Jiulize yako yalibadilishwa lini. Hizo pistoni sita ukizijaza mafuta yaleyale yatachemka vilevile. Na za mtumba hujui sili zake, hujui pedi zake utazipata wapi, na hujui kama silinda yako kubwa ya breki, ile inayosukumwa na pedeli, inatoa mafuta ya kutosha kusukuma pistoni zote hizo, unaweza ukaishia na pedeli ndefu kuliko hii uliyonayo.

Usukani kutetemeka. Watu wengi hapo wanakimbilia kukwangua diski. Kwenye E46 kabla hujagusa diski ingia chini uangalie bushi ya nyuma ya lowa ami (mkono wa chini unaoshika tairi) ya mbele, ile kubwa ya duara inayokaa kwenye brakti ya alumini iliyofungwa na bolti mbili. Raba ikichanika, ukikanyaga breki ami inarudi nyuma, tairi inacheza na usukani unaonyesha. Weka bisibisi ndefu uisukume, utaona mwenyewe.

Na hapa mafundi wengi wanaharibu kwaiyo simama naye akifunga. Bushi hiyo inaingizwa kwa maji ya sabuni tu, grisi hapana, raba inatakiwa ing'ang'anie ami. Ikishaingia gari ishushwe chini ikae kwa uzito wake ndani ya nusu saa hivi, kabla raba haijashika. Ikishikia gari likiwa juu ya jeki, siku zote itakaa imejipinda na haimalizi muda. Niliwahi kuletewa gari imebadilishwa bushi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na bushi zote tatu zilikuwa nzima kiubora, kosa lilikuwa namna ya kufunga tu.

Nyuma kugonga, anza na maunti (kishikio) ya juu ya shokapu, unaifikia ndani ya buti ukitoa kapeti la pembeni. Afu muda huohuo, nakusisitiza, mwambie fundi apige tochi kwenye sakafu ya nyuma pale sabufremu (fremu inayobeba miguu ya nyuma) inaposhika bodi. E46 zina ugonjwa wa kupasuka chuma pale. Ukikuta ufa, mipango yote isimame, hela yote iende kwenye kuchomelea na kuweka sahani za chuma. Koilova ngumu kwenye sakafu yenye ufa ni kuupanua.

Msee_wa_Ngong_Road:

Niaje mkubwa, mimi niko Nairobi na pia niko na 325Ci. Fundi hapo juu ameongea ukweli mtupu. Naongeza tu hii, ukitaka breki kubwa usiende mbali, enda kwa E46 ya 330, ile ya injini kubwa. Diski zako za mbele ni milimita 300 kwa 22, za 330 ni 325 kwa 25, na hiyo diski nene inabeba moto mingi zaidi kabla ishindwe. Tafuta 330 inavunjwa, utoe kalipa na brakti yake, diski na pedi ununue mpya, inafunga kwa matundu yaleyale na kwa rimu ya 17 inaingia fiti. Nyuma yako ni 294 kwa 19, ya 330 ni 320 kwa 22, lakini usinunue diski peke yake kwa sababu handbreki iko na viatu vyake ndani ya ile kofia ya diski, so chukua kila kitu cha huo upande mpaka bamba la nyuma. Mbele na nyuma zikiwa zote za 330 gari inafunga ikiwa imetulia, mbele peke yake pua inainama sana.

Na paipu za raba za breki badilisha zote nne, zangu zilikuwa za tangu gari itoke kiwandani, zinafura kama puto ukikanyaga. Pedi mpya nazo uzizoeshe, enda barabara iko empty, shuka kutoka 80 hadi 20 kama mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole zipoe.

DadaWaNjiro:

Kaka nisikilize kuhusu kushusha gari. Mimi niko Arusha, yangu niliishusha milimita 40 kwa springi fupi, na shokapu nikaacha zilezile za zamani. Ilikuwa nzuri kwa macho kwa muda wa mwezi mmoja. Shokapu ndefu na springi fupi haviendani, kila shimo unafika mwisho wa stroku, stopa za raba zikasagika zikawa unga, afu siku moja usiku nikitokea Moshi nikalikuta tuta halina rangi halina alama, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikapasuka, oili yote barabarani. Nikazima injini palepale nikavutwa.

E46 yenye miguu ya spoti ya kiwandani, M Sport, imeshuka milimita 15 tu kuliko ya kawaida na inakata kona vizuri sana, sasa hiyo 15 iwe mwisho wako kwa barabara zetu. Ukichagua shokapu za Bilstein elewa namba zake, B4 ni kama ya kiwandani, B6 ni ngumu zaidi kwa springi za urefu wa kawaida, B8 ni fupi kwa ajili ya springi zilizoshushwa. Mimi sasa hivi nina B6 na springi za kawaida, na nikwambie ukweli mtu akikaa ndani anajua kabisa hii ni gari ya spoti, haiyumbi, haibebi pua juu ukitoa moto, na matuta napita.

Kuwa makini na boksi. Niliuziwa shokapu boksi lina jina kubwa, ndani ya miezi miwili zinavuja. Angalia namba iliyogongwa kwenye shokapu yenyewe ilingane na boksi na ilingane na gari yako. Na ukishamaliza kufunga chochote pale chini, alaimenti, usisubiri mwisho wa mwezi, bushi mpya zikibadilisha pembe ya tairi utakula tairi ndani ya safari mbili.

Kijana_wa_Goba:

Shikamoo mzee Fundi_Miguu, na wengine wote asanteni sana, nimesoma mara tatu tatu. Kalipa za pistoni sita nimemwambia jamaa hapana. Swali moja, nikishuka mlima na otomatiki natakiwa niwe gia gani? Mimi nilikuwa kwenye D muda wote.

Fundi_Miguu:

Marahaba mwanangu. Hapo ndo ulipozichosha breki. Sukuma leva pembeni uchague gia mwenyewe, na ufanye hivyo kabla mteremko haujaanza. Nyuma ya semi Kitonga ni gia ya pili, injini italia kidogo, iache ilie, hiyo haiumii. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ipate upepo, usiwe unaigusagusa muda wote.

Kijana_wa_Goba:

Wakuu narudi na majibu, imepita mwezi na siku kadhaa.

Mafuta ya breki yalitoka meusi kama kahawa ya kijiweni. Tumeweka DOT 4 mpya, tukasukuma mpaka yakatoka meupe tairi zote nne, paipu za raba mpya zote. Bushi ya lowa ami kushoto ilikuwa imechanika kiasi kwamba kidole changu kilipita katikati ya raba na chuma, ya kulia ina nyufa. Nilisimama na fundi, sabuni, gari ikashushwa chini kabla hajanawa hata mikono. Usukani kwenye 90 sasa hivi umetulia, na diski hazijaguswa! Maunti ya nyuma kulia ilikuwa imekatika kabisa. Sakafu tumepiga tochi, tumekwangua na ile rangi ya chini, hakuna ufa, nilishusha pumzi.

Jumapili nimetoka tena Iringa. Kitonga nikaweka gia ya pili juu kabisa kabla ya kona ya kwanza, mbele yangu malori mawili. Injini ililia kama ulivyosema mzee, mke wangu akauliza kama kuna kitu kimeharibika, nikamwambia tulia. Breki nimekanyaga labda mara kumi mlima mzima, pedeli ilibaki palepale juu mpaka tunafika Mahenge. Nikasimama nikashika rimu, ina moto wa kawaida tu.

Hela imebaki kama milioni moja na kidogo. Kuna mtu anavunja 330 Tegeta, naenda Jumamosi kuangalia kalipa, B6 zinasubiri mwisho wa mwezi ujao. Dada wa Njiro naomba unitumie picha ya hiyo namba inakogongwa kwenye shokapu, nijue pa kuangalia.