Nimeona baleti kwa mara ya kwanza, nataka kuandika uhakiki wa kuchekesha. Mipaka ni ipi?

MtuWaPangani

Wakuu, habari zenu. Naishi London, na jirani yangu alinipa tiketi aliyobaki nayo ya *Giselle* pale Royal Opera House, Covent Garden. Baleti sikuwahi kuiona. Nilikaa juu kabisa, kule ambako okestra yote unaiona utosini. Nimetoka nimechangamka mno, na sasa nataka kuwaandikia wenzangu uhakiki wa mgeni, wa kuchekesha, wenye maswali yaliyonijia palepale kitini.

Kwa mfano: huyu Hilarion, mlinzi wa msitu, kosa lake nini? Anampenda Giselle kwelikweli. Ndiye anayegundua kwamba kijana Albrecht ni kabaila aliyejifanya mkulima, na ana mchumba wake tayari. Anaanika ukweli, Giselle anapandwa na wazimu, anafariki. Sehemu ya pili, mizimu ya wasichana waliosalitiwa kabla ya ndoa inamchezesha Hilarion mpaka hana pumzi, inamtupa ziwani. Mwongo yeye anasamehewa, anaona alfajiri! Nilitamani kusimama nimtetee.

Je, nikiandika hivi nitakuwa naidharau kazi ya watu? Wapi panachekeka na wapi niache?

BibiSafuYaNyuma

Karibu sana, mwanangu. Mimi ni mpenzi wa hizo tiketi za bei ya chini hapo hapo London, na nakusihi: swali la Hilarion usiliondoe. Sisi tuliozoea tumeshaacha kuliuliza. Tunakaa tunalinganisha mikono ya Giselle wa leo na wa mwaka juzi, na huku mtu mwenye haki anazamishwa mbele yetu.

Kudharau ni kitu kingine. Kila mgeni huanza na suruali za kubana za wanaume, na hapo ndipo wasomaji wanapofunga ukurasa. Yule kijana hakuchagua vazi, na mwili wake ndio kazi yake. Hadithi chekea utakavyo, kanuni za jukwaani pia, hata mama yake Giselle anaposimulia habari za mizimu kwa mikono mitupu. Uliona? Akizungusha mikono juu ya kichwa, maana yake ni kucheza. Akigusa kidole cha pete, ni ndoa. Akishusha ngumi mbili zilizopishana vifundoni, ni kifo. Yaani mama amemwambia binti yake waziwazi, "Ukicheza sana utakufa uwe mzimu," na binti anaendelea kucheza. Andika ulichodhani anasema kabla hujajua maana. Huo ni uhakiki ambao mimi siwezi tena kuuandika.

Na usiogope kwamba uhakiki lazima uwe na sura ya mtihani. *Giselle* ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Juni 1841, mmoja wa waliotunga hadithi yake, Théophile Gautier, alikuwa mwandishi wa magazeti. Aliihakiki mwenyewe, kwa mtindo wa barua kwa mshairi Heinrich Heine, ambaye maandishi yake ndiyo yaliyompa wazo la mizimu hiyo. Barua kwa rafiki! Nawe tuandikie sisi.

Ila niambie: zile Wili, yaani hiyo mizimu ya wasichana, zilipovuka jukwaa kwa mguu mmoja, mstari huu kwenda kule na ule kuja huku, ulisikia nini?

FundiNguo_Nairobi

Nimeshona mavazi ya wanafunzi wa baleti, kwa hiyo la viatu naomba nilijibu mimi. Atakuwa alisikia kishindo. Ncha ya kile kiatu si mbao kama wengi wanavyodhani. Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, juu yake satini. Kipya ni kigumu na kina kelele, ndiyo maana wachezaji hukigonga sakafuni au ngazini, hukikunja kwa mikono, wengine hukibana kwenye bawaba ya mlango, mpaka kilainike. Mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima usiku mmoja.

KalamuNyekundu

Mkuu, tafuta Les Ballets Trockadero de Monte Carlo. Ni kundi la wanaume lililoanzishwa New York mwaka 1974, wanacheza nafasi za kike na viatu hivyohivyo vya ncha. Katika dansi yao ya bata maji anayekufa, manyoya yanapukutika kwenye vazi huku yeye anaendelea kwa heshima zote. Wanachekesha kwa sababu wanajua kucheza vizuri. Nawe chekesha kwa kuwa uliangalia vizuri.

MtuWaPangani

Shikamoo bibi, ahsanteni wote. Kishindo nilikisikia! Nimeanza hivi, naomba mnikosoe:

"Ni mizimu, nguo nyeupe, ukungu chini, muziki wa Adolphe Adam unanong'ona. Kisha inaanza kuruka kwa mguu mmoja, mguu wa pili umenyooshwa nyuma, na hapo juu nilipo nasikia *tu, tu, tu*, viatu vyote kwa pamoja. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, kwa nguvu, kwa sababu mzimu unaotua kwa kishindo ni msichana mwenye mapafu na magoti, anafanya kazi ngumu kuliko yote niliyowahi kuona ikifanywa kwa uso mtulivu. Ndipo wakamleta Hilarion."

BibiSafuYaNyuma

Marahaba. Usiguse kitu hapo. Endelea na Hilarion, na mtaje kwa jina mchezaji aliyemcheza usiku ule, limo kwenye orodha ya wachezaji. Wahakiki wengi humpitia kwa neno moja tu.

Halafu ukiona baleti ya *La Fille mal gardée*, ile iliyotungwa na Frederick Ashton, imetangazwa, usiikose. Ni ya 1960, na pazia likifunguka tu anacheza jogoo na kuku wake wanne. Hiyo nataka uhakiki wako kabla ya wa magazeti.