Tumechoka kuuziwa faiba ya boti kwa bei ya kaboni!

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Niliagiza bomba la darubini la kaboni (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi) kutoka kwa fundi mmoja wa nje, jina lake siliweki hapa. Ni la Newton (darubini ya vioo) ya inchi 8, f/4, yaani urefu wa fokasi ni kama mara nne ya upana wa kioo, milimita 800, kwa ajili ya kupiga picha za anga. Vioo ninavyo tayari, nilichohitaji ni bomba lisiloyumba.

Kwa ambao hawajui kwa nini mtu anajitesa na gharama hizi: alumini husinyaa takriban mikroni 23 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila mita, kwa kila nyuzijoto moja inayoshuka. Usiku ukipoa nyuzijoto 10, kwenye milimita 800 umeshapoteza mikroni 180 na ushee. Na kwenye f/4, nafasi ambayo nyota inabaki kali haizidi sana mikroni 40. Kwa hiyo saa mbili usiku umeweka fokasi safi, saa sita nyota zimekuwa vitumbua. Chuma husinyaa kama nusu ya hapo, na bado ni nyingi. Kaboni iliyopangwa vizuri karibu haisogei kabisa. Hicho ndicho nilicholipia.

Mzigo ukaja. Kwa nje, mashallah, ule ufumaji mweusi wa nyuzi unang'aa kweli. Nikafunga vioo, nikavilinganisha kwa leza, darubini ikiwa inatazama mashariki. Ikavuka kwenda magharibi, nukta ya leza imeshatoka kwenye alama ya katikati ya kioo! Nikabonyeza kwa kidole gumba pembeni ya kifaa cha fokasi, taratibu tu, nyota ikaruka kwenye skrini. Pale ndipo kamera, filta na kirekebisha koma (lenzi ya kunyoosha nyota za pembeni ya picha) vinaponing'inia, na ukuta wenyewe ni milimita moja na nusu, bila hata kipleti cha kuimarisha kwa ndani.

Nikamwandikia muuzaji. Ati nikague maunti, yaani stendi inayozungusha darubini. Ati upepo. Ati sijaielekeza vizuri kwenye ncha ya anga. Maunti hiyo hiyo, na bomba langu la zamani la chuma, ilipiga Kilimia nyota zikawa duara mpaka kwenye pembe za picha!

Basi nikachukua msumeno nipanue tundu nifunge pleti mwenyewe (vaeni barakoa wakuu, vumbi lile si la kuvuta). Vumbi likatoka jeusi kidogo, halafu jeupe pee. Nikaangalia ukingo kwa taa: tabaka moja la kitambaa cha kaboni juu, kwingine kote ni faiba ya glasi, ile ile ya boti. Uzi wa kaboni wa kawaida una ukakamavu wa gigapaskali 230 hivi, wa glasi 70 na kitu. Huo si utani mdogo. Na forodha wamenitoza ushuru kwa bei ya kaboni.

Bomba kakamavu halijengwi hivyo. Unaweka kuta mbili nyembamba za kaboni, katikati povu gumu au sega la Nomex (karatasi ngumu yenye vyumba kama vya nyuki), zote zishikwe kwa epoksi na ziokwe. Unene ndio kila kitu: ukuta wa kitu kile kile ukiwa mnene mara mbili, unakuwa mgumu kukunjika mara 8. Nyuzi nyingi zifuate urefu wa bomba, nyingine zizunguke ili lisibonyee kwenye pete zinazolishikilia. Mapambo ya nje hayabebi kamera.

Nataka hela yangu. Na nyie mafundi mnaotangaza humu, andikeni kwenye tangazo: matabaka mangapi ya kaboni, nyuzi zimelala upande gani, ukuta una unene gani, katikati kuna nini. Asiyeweza kujibu hayo manne asiniletee picha za kung'aa.

Kama kuna mdau aliyejijengea mwenyewe hapa Bongo, aje aseme epoksi nzuri anapata wapi na aliiokaje. Wale wa "ungenunua darubini ya lenzi tu", piteni kimya.