MREJESHO: Zile barua za askari Myahudi, zimesomeka (si zote)

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba msaada kuhusu barua 41 za baba wa babu yake mume wangu, Myahudi wa Ujerumani aliyemwandikia mkewe kutoka vitani Ufaransa, 1915 hadi 1917. Mwandiko ni ule wa kale, Kurrent, na karatasi zilikuwa zinakatika.

Asanteni sana. Dada aliyesema herufi “e” ya Kurrent hufanana na “n”, Mungu akubariki. Hapo ndipo nilipofunguka macho. Nimesoma 33. Nilitoa vibanio vyenye kutu, nikapiga skani kwanza kabla ya kugusa mikunjo, kama mlivyoelekeza. Nane zimenishinda: penseli imefutika, na skana haikusaidia kitu. Moja niliikunjua kwa haraka ikapasuka katikati, naumia mpaka leo. Msikunjue karatasi iliyokauka.

Ya Novemba 1916 imeniliza. Anaomba soksi, anauliza kama mtoto ameota jino, halafu mstari mmoja tu: wametuhesabu sisi Wayahudi. Oktoba mwaka ule jeshi liliamuru Wayahudi wahesabiwe, kuona kama wanakwepa mstari wa mbele. Naye alikuwa anaandikia humo humo handakini! Wayahudi wapatao 12,000 waliifia Ujerumani katika vita ile.

Mzee uliyenielekeza Leo Baeck Institute ya New York, kituo kinachohifadhi kumbukumbu za Wayahudi wa Ujerumani, familia imekubali tuwaandikie. Nakala zenyewe tumeshagawana.