Kuuza picha za majengo ya watu, ruksa?

Swali: Wadau habarini, nikipiga picha Eiffel Tower halafu niiuze kama postikadi si watanidai?

Jibu 1: Ukipiga mchana haina shida, Gustave Eiffel aliyeujenga alifariki 1923 hakimiliki ya mnara ilishaisha zamani. Tatizo ni usiku, zile taa zinahesabiwa kazi ya sanaa kwahiyo kuuza lazima uombe kibali.

Jibu 2: Inategemea na nchi mkuu. Ujerumani piga na uza, mradi umesimama barabarani, maana 2003 mahakama yao iliikataa picha ya jengo la Hundertwasser (msanii wa Austria) la Vienna sababu ilipigwa toka ghorofani nyumba ya ng'ambo ya barabara. Marekani jengo ruksa ila sanamu hapana, na hii inaniudhi kweli, sanamu iko hadharani kila mtu anaiona!

Muulizaji: Asanteni sana, basi nitapiga mchana.