Projekta ya boksi na TV ya chogo: kuna aliyejaribu kwa mikono yake?

MamaNeema (Uyole, Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Kila Jumamosi watoto wa majirani wanajaa sebuleni kwangu kuangalia katuni, wanafika kumi na wawili, na TV yenyewe ni chogo ya inchi 14. Wa nyuma wanaona visogo vya wenzao tu. Mdogo wangu kanionyesha video: unachukua boksi, unapachika lensi ya plastiki bapa, unaielekeza TV humo, picha inatokea ukutani kubwa kama ya ukumbini. Mwanjelwa nimeikuta lensi hiyo, ile karatasi ngumu ya wazee kukuzia maandishi, wanaiuza 15,000. Kabla sijatoa hela, naomba kusikia kwa aliyejaribu. Baba Neema naye anauliza kama mechi ya mchana itaonekana.

FundiChogo (Mafinga)
Dada, mimi ni fundi TV na hicho kitu nimekitengeneza mara tatu. Picha inatokea kweli, ila ni hafifu mno, na kosa si la boksi wala la mikono yako.

Lensi haizalishi mwanga. Mwanga wote unatoka kwenye kioo cha TV na unatawanyika chumba kizima; lensi inadaka ule mchache unaopita kwake. Halafu huohuo mchache unautandaza. Picha ya inchi 14 ukiifanya ya 56 umeipanua mara 4 kwa upana na mara 4 kwa kimo, yaani eneo la mara 16. Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, saa mbili usiku, mapazia yamefungwa, na bado niliona ukungu mtupu. Kumbe taa ya kibarazani kwa jirani ilikuwa inapenya juu ya mlango. Nilipoziba upenyo ule kwa kanga ndipo uso wa mtangazaji ukajitokeza.

Jambo ambalo video nyingi zinaliruka: picha inakuja miguu juu kichwa chini. Ukiipindua TV inasimama sawa, lakini maandishi yanageuka kama unayasoma kwenye kioo cha kinyozi. Mimi nilitundika shuka jeupe jepesi katikati ya chumba, TV na lensi upande mmoja, watazamaji upande wa pili. Ukitazama kwa nyuma ya shuka, maandishi yanarudi sawasawa.

Kuna watakaokuambia ufungue TV ugeuze nyaya za koili ya shingoni mwa tyubu ya picha, ili picha igeuke. Nakuomba sana usifungue. Chogo ya rangi ina volti 20,000 na zaidi kwenye tyubu, na chaji inaweza kubaki hata ukishachomoa. Mwanafunzi wangu alirushwa na TV ambayo haikuwa hata kwenye umeme, akapasuka kiwiko kwenye meza.

Pia usiifungie TV nzima ndani ya boksi. Ya kwangu ya pili ilianza kunuka baada ya dakika 40, kwa sababu ukiipindua joto linakosa njia yake. Boksi lianzie kwenye kioo liishie kwenye lensi, mgongo wa TV ubaki nje.

Vipimo: simama mbali na dirisha, elekeza lensi huko, sogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka mti wa nje uonekane vizuri. Umbali kati ya lensi na karatasi ndio fokasi yake. Yangu ilikuwa sm 30. Kwa picha ya kukuza mara 4, kioo cha TV kinakaa sm 37 na nusu kutoka kwenye lensi, na shuka mita 1 na nusu upande wa pili. Ukimaliza, funika lensi. Ikiachwa juani inakusanya jua na kuwasha moto, na una watoto ndani.

Mechi ya mchana, hapana.

Mwl_Kihesa (Iringa)
Fundi kasema kweli. Sisi tulikwenda hatua zaidi: tulivua kioo bapa (LCD) cha kompyuta cha inchi 15, tukakilaza juu ya ile projekta ya zamani ya kufundishia yenye taa kali. Mwangaza ulikuwa bora kidogo, ingawa kioo cha aina hiyo kinameza karibu mwanga wote na kupitisha asilimia chache tu. Tatizo likawa joto. Siku ya pili katikati ya picha pakawa na doa jeusi, na halikutoka tena. Asiye na feni nzuri asijaribu.

Kijana_wa_Tukuyu
Mimi nilinunua projekta ndogo ya LED. Boksini imeandikwa lumeni 9,000, yaani kipimo cha mwanga. Usiku inapendeza, mchana hamna kitu. Mwenye kununua aulize lumeni za ANSI, hizo ndizo za kupima kweli. Nilichokipenda ni kwamba inakula umeme kidogo, ukikatika naiendesha kwa betri ya sola.

MamaNeema
Nimerudi kutoa majibu. Lensi nilinunua, wakakubali 12,000. Jumamosi tumetundika shuka, madirisha tumeziba kwa mablanketi. Kwa vipimo vya fundi picha ilikuwa kubwa lakini imefifia, nikasogeza shuka karibu na lensi, TV nayo nikaisogeza nyuma kidogo, ikawa kama inchi 40, hapo rangi zikaonekana. Pembeni kuna ukungu. Watoto wote kumi na wawili wameona mpaka mwisho, yule mdogo kabisa akawa anaenda kugusa shuka. Tulizima baada ya saa moja kupumzisha TV.

Fundi, swali moja: hiyo pembeni inatibika?

FundiChogo
Kwa lensi hiyo haitibiki yote, dada. Kata kadibodi yenye tundu la duara, ufunike kingo za lensi. Pembeni patatulia, ila giza litaongezeka. Jaribu tundu la sm 15 kwanza, usianze na dogo.