Virutubisho vidogo na bakteria wa mizizi ya karanga

Mkulima wa Kongwa: Ndugu wataalamu, karanga zangu zimepauka majani, na nilipong'oa mashina machache nilikuta vinundu vya mizizini ni vidogo na vyeupe ndani. Muuza pembejeo ananishauri ninyunyizie zinki na molibdenamu. Je, bakteria wa udongoni hawatadhurika?

Bwana Shamba Mstaafu: Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani, kwa hiyo vyako havinasi naitrojeni. Bakteria wa raizobia, wanaoishi ndani ya vinundu hivyo, huhitaji molibdenamu na chuma ili wajenge kimeng'enya kinachonasa naitrojeni ya hewani, na pia kobalti. Molibdenamu ya ekari nzima hupimwa kwa gramu, si kwa debe! Hata hivyo, pima kwanza tindikali ya udongo, kwani ikizidi huishikilia molibdenamu iliyomo tayari, na huenda chokaa pekee ikaifungua.

Mama Njugumawe, Bahi: Zinki na shaba zikizidi huwadhuru bakteria hao hao, na hazitoki udongoni upesi. Mimi huacha mistari miwili bila kunyunyizia, kisha maua yanapoanza nang'oa miche kila upande na kupasua vinundu kwa ukucha nilinganishe rangi ya ndani.

Mkulima wa Kongwa: Ahsanteni. Nitapeleka udongo ukapimwe kabla ya kununua chochote.